Nchi ya Bi Vifungo

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa zuri tu, lakini pale kiwandani hakuna aliyelitumia tangu alipokalishwa kwenye kona ya vifungo na kuambiwa kazi yake ni hiyo. Wakamwita Bi Vifungo, naye akaitika. Mashati yalimfikia yakiwa yameshaungwa mikono na kola, wazi kifuani. Yeye aliyatia vifungo, akakata uzi kwa meno ingawa alikatazwa, kisha akayasukuma kwenye meza za pasi. Wenzake hawakuchoka na mzaha wao. Mgeni akiingia kazini huambiwa kwamba yule mama wa pale konani ana vifungo vya maisha, na yeye hujibu bila kuinua macho kwamba atulie, anamhifadhia chake. Kifungo cha shati na kifungo cha jela, neno moja, mzaha mwepesi wa mchana wenye joto. Ulistahili kuogopwa mapema, ila nani huogopa mzaha?

Chumba cha umaliziaji kilikuwa nyuma ya ukuta wa mbao, mbali kidogo na kelele za vyerehani. Humo mlikuwa na sindano, pasi na mvuke, kwa hiyo mtu akisema alisikika. Karibu na dirisha alikaa Bi Mkasi, mkata nyuzi, mwanamke mkavu mwenye mkasi mkubwa na ulimi usiohitaji kunolewa. Kwenye pasi ya mwisho alisimama Kitinda, kitindamimba wa Bi Vifungo, aliyepata kazi pale kwa mgongo wa mama yake. Na Bi Vifungo mwenyewe, zaidi ya vifungo, alikuwa na kazi ya pili isiyo na mshahara. Alisimulia.

Hadithi ilikuwa moja, isiyokwisha, habari za nchi ya wanawake. Akitaka kuanza, alichomeka sindano kifuani mwa blauzi yake na kuuliza, "Mmo?" Wote walijibu, "Tumo." Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni yao. Hakuna aliyeuliza wamo ndani ya nini. Ukishajibu tumo, umeingia. Hapo wenzake waligawana mashati yake, kila mmoja akatia vifungo kidogo kwa niaba yake, na mashati ya saa hizo yalijulikana madukani kwa vifungo vilivyokwenda kombo.

Katika nchi hiyo, alisema, wanaume walikwenda kugombea mpaka, na mpaka leo wanaugombea. Wanawake wakawasubiri. Chakula kikapoa, wakakipasha moto, kikapoa tena. Siku moja mmoja wao akakaa akakila, na hakuna kilichotokea. Tangu hapo mtaa mzima ukapika chungu kimoja kwa zamu. Mto wakautengenezea gurudumu, ukawa unafua wenyewe. Mahakimu walikuwa akina mama. Hakimu akinyonyesha, kesi husubiri mtoto ashibe, na mara nyingi wagomvi huwa wameshapatana na kwenda zao. Mwanamke akirudi nyumbani hakuna anayemuuliza katoka wapi. Watoto ni wa wote. Na jioni, hapo sauti yake ilishuka, jioni lango linafungwa, na wote wanalala usingizi wa watu wasiosikilizia hatua za mtu. Pasi zilisimama hapo kila mara. Hata Bi Mkasi, mtu asiyeamini kitu mpaka akishike, alionekana akishusha pumzi.

Hadithi hiyo Bi Vifungo hakuisoma popote. Aliianza mwenyewe mwaka alioolewa. Marehemu mumewe hakuwa mtu wa kupiga, hilo alilisema haraka kila alipotajwa. Alikuwa mtu wa kufunga. Asubuhi akienda kazini alifunga mlango kwa nje, akatia ufunguo mfukoni, na jioni akarudi akafungua, akauliza mbona nyumba ina joto. Ni kwa usalama wako, alisema, mji umeharibika. Bi Vifungo alikaa ndani akishona na kumsikilizia, na ili asirukwe na akili akajijengea nchi ya kwenda. Mume alipokufa, jambo la kwanza baada ya maziko lilikuwa kumwita seremala ang'oe kitasa cha nje na kuweka komeo kwa ndani. Tangu hapo kila jioni alilisukuma mwenyewe, likalia kidogo, naye akaketi kitandani akafurahi. Miaka ilipita na furaha hiyo haikuchuja. Kwake yeye mlango kufungwa ni huko, mkono wa mwenyewe, kwa ndani. Lilikuwa jambo la wazi mno kwake, hata hakuwahi kulitamka.

Kitinda naye aliolewa na fundi wa redio, kijana mpole wa maneno, wa kusifiwa na majirani. Upole wake uliishia mlangoni. Asubuhi moja binti alirudi kwa mama yake na mtoto ubavuni na mdomo umevimba, na hakueleza kitu, na mama hakuuliza. Mtoto alikuwa wa kike, anaanza kutambaa, ameshikilia gauni la mama yake kwa nguvu hivi kwamba bibi akamwita Kishikizo, na jina likamganda. Tangu siku hiyo, jioni kazi ikiisha, fundi wa redio alikuwa kasimama ng'ambo ya barabara, mikono kaikunja kifuani. Hakupiga kelele hata mara moja. Alivuka kidogo, akasalimia kwa adabu, shikamoo mama, habari za kazi, naomba umwambie mwenzangu nimekuja kumchukua, leo au siku nyingine. Kisha akarudi mahali pake. Ni hilo "siku nyingine" lililomkosesha Bi Vifungo usingizi, maana komeo lake lilikuwa jembamba.

Mwenye kiwanda alikuwa mwanamke, mdogo kuliko Bi Vifungo, waliyemwita Madamu. Alianza kwa kusimama mlangoni hadithi ikiendelea, na wote wakadhani wamemwaga unga. Hakufoka. Siku ya pili alikuja na kigoda chake. Madamu alikuwa na tabia moja iliyomtofautisha na matajiri wengine: hakusema uongo, na alichokisikia alikifanya vilevile kilivyosemwa, bila kuongeza wala kupunguza. Alisikiliza kichwa kimeinama, na mwisho aliuliza maswali. Hicho chungu kinawekwa wapi? Wanavaa nini? Watoto wakikua, je?

Bi Vifungo hakuwa amewahi kuulizwa maswali na mtu mwenye gari. Kilemba cha ukoka kilimkaa sawasawa kichwani, akajibu lolote lililomjia. Wanavaa magauni ya rangi moja, alisema, ili asiwepo wa kumcheka mwenzake. Watoto wakiachishwa ziwa hupelekwa mlimani kwenye hewa, wakafundishwa kuimba. Alisema mlimani kwa sababu siku hiyo chumba kilikuwa tanuri na yeye mwenyewe aliitamani hewa. Bi Mkasi aliuliza, na mama zao? Akajibiwa kwamba mama zao huwasikia wakiimba. Walipenda sana hapo, wakamtaka arudie. Madamu aliitikia kwa kichwa polepole, akachukua kigoda chake akatoka.

Kisha matofali yakaanza kuja. Nyuma ya kiwanda, ndani ya ua uleule wenye lango moja la chuma, kulijengwa banda refu la vitanda, jiko lenye sufuria la kukogea mtu mzima, na chumba cha watoto chenye ukuta wa rangi ya maziwa. Ukuta wa ua ukapandishwa. Siku ya kufungua, Madamu alimshika Bi Vifungo mkono mbele ya watu akamwambia kwamba nchi yake ndiyo hiyo, imeshajengwa, na yeyote anayetaka kuhamia ahamie bure. Bi Vifungo alilia. Wengi walilia. Kitinda alikuwa wa kwanza kupewa kitanda, na jioni ile fundi wa redio alisimama ng'ambo akitazama lango likifungwa na mke wake yumo ndani, na kwa mara ya kwanza akaonekana mtu asiyejua afanye nini na mikono yake.

Na tuseme haki, ilikuwa nzuri. Chakula kilikuwa cha moto na mtu hakukipika peke yake. Watoto walilelewa. Wanawake waliokuwa wakija kazini na miwani ya jua siku za mawingu waliivua. Bi Mkasi, aliyekuwa akigombana na kaka yake kwa chumba kimoja, alihamia na mkasi wake, akalalamikia godoro, akanenepa. Madamu alimwomba Bi Vifungo naye ahamie, akakataa kwa heshima. Alisema ana chumba chake. Hakusema kwamba ana komeo lake, na kwamba sauti ile ya jioni asingeibadilisha na jumba la mfalme.

Mambo yalianza kwenda mrama polepole, hata ukiulizwa siku gani huwezi kusema. Magauni ya kijivu yaliletwa, mazuri, ya kitambaa kizito, na nguo zao za zamani zikakusanywa kwenda kuhifadhiwa. Vijisufuria vyao vikakusanywa pia, maana chungu ni kimoja. Mlezi wa chumba cha watoto alimkanya Kitinda kwa upole kwamba akiingia asimkimbilie Kishikizo kwanza, ambebe aliye karibu, watoto ni wa wote. Kishikizo akalia, akaachwa alie, mpaka akajifunza kumnyooshea mikono yeyote. Siku Kitinda alipomwona mwanawe anamtazama vilevile anavyomtazama mlezi, alishika pasi vibaya akaunguza kola ya watu.

Kutoka nje hakukukatazwa. Tusimsingizie Madamu. Jioni alisimama langoni mwenyewe, wachache wanaolala kwao wakapita, na mwenye gauni la kijivu akisogea aliambiwa kwa sauti ya kubembeleza, "Kesho." Hakuna aliyekataliwa, waliambiwa kesho tu. Na kweli ndani ya nchi ile hakuna mwanamke aliyeulizwa katoka wapi, kwa kuwa hakuna aliyetoka.

Bi Vifungo aliyaona na akajisemea kwamba kila jambo jipya lina uchachu wake. Mtu hawezi kuitukana nyumba aliyoiota mwenyewe. Mpaka jioni moja alipochelewa kwa kutafuta miwani yake, akawa wa mwisho kupita. Alipopiga hatua chache barabarani, akasikia nyuma yake kitasa kikizunguka. Ile sauti! Mwili wake ulilegea kwa furaha kama unavyolegea kila siku kitandani kwake, akasimama aimalize. Halafu akagutuka, maana sauti ilitoka upande wake, wa nje. Aligeuka. Madamu alikuwa nje, barabarani, anatia ufunguo kwenye mkoba.

"Ulale salama, mama," alisema Madamu.

Bi Vifungo alijibu nawe pia. Alitembea mpaka kwake, akalisukuma komeo, akaketi kitandani, na furaha haikuja.

Kesho yake alitazama wenzake kwa macho mengine. Hakuna aliyetia mzaha wa vifungo. Alipokumbuka vizuri akaona haujasikika siku nyingi. Bi Mkasi alikuwa akikata nyuzi kimya. Bi Vifungo alimsogelea akamuuliza kwa kunong'ona kama anajua lango linafungwa kwa nje, na Bi Mkasi akamjibu bila kuinua kichwa kwamba wote wanajua, mwenzangu, wewe tu ndiye hujui, wewe unalala kwako. Akaongeza kwamba mwanzoni walidhani ndivyo hadithi ilivyo.

Wiki hiyohiyo Madamu aliwatangazia habari njema. Nyumba ya watoto imekamilika kule juu, kwenye kilima nje ya mji, yenye hewa na mwalimu wa kuimba. Gari litakuja Jumatatu kuwachukua walioachishwa ziwa. Alitabasamu akatoka. Mashine za upande wa pili ziliendelea kunguruma.

Kishikizo alikuwa ameachishwa ziwa mwezi uliopita, kwa ushauri wa mlezi.

Kitinda alimwinamia mama yake juu ya shati, akijifanya anamwonyesha kifungo. Uso wake ulikuwa mkavu. Alisema ameomba kutoka na mtoto, ameambiwa kesho, na juzi aliambiwa kesho. "Mama, kesho ya Madamu haifiki. Jumatatu itafika." Bi Vifungo aliangalia vidole vya binti yake vilivyokuwa vimeshika shati kwa nguvu, akamwona Kishikizo mzima pale. Akasema atakwenda kuongea naye.

Ofisi ya Madamu ilikuwa na feni na kiti cha wageni, na mwenyewe aliinuka kumpokea, akampa shikamoo yake kama kawaida. Bi Vifungo alipiga moyo konde akaomba mjukuu wake aachwe. Madamu alimsikiliza mpaka mwisho, bila kumkata, ndivyo alivyokuwa.

"Wakiachishwa ziwa hupelekwa mlimani, wakafundishwa kuimba," alisema. "Mama zao huwasikia wakiimba. Nimekosea neno?"

"Hukukosea."

"Basi."

"Lakini ile ni hadithi, mwanangu."

"Mlikuwa mnalia mkiisikia," alisema Madamu. "Nilikuwa nakaa pale mlangoni nawaona. Mtu amelilia kitu miaka yote hiyo, nikampa, halafu aniambie hakukitaka?" Hakuwa amekasirika. Alikuwa ameumia, na hilo ndilo lililomtisha Bi Vifungo kuliko kitu chochote, maana mwovu ungemkuta na hila yake ukajua pa kumshika. Huyu alikuwa anashangaa kwa moyo mweupe.

"Na lango? Mbona linafungwa kwa nje?"

"Ulisema linafungwa," alijibu Madamu. "Hukusema na nani."

Bi Vifungo alirudi konani kwake na maneno hayo kifuani. Hukusema na nani. Miaka yote hiyo amesema jioni lango linafungwa, akaacha mfungaji atoke hewani. Alijichukia. Alijiona mpumbavu wa kupindukia, mwanamke aliyefungiwa na mume miaka mizima asijue kwamba neno hilo halikosi mwenyewe. Alitia kifungo akajidunga kidole kwa sindano. Akanyonya damu, na hapo wazo likamjia. Maneno yaliyokwisha kujengwa hayabomoleki. Lakini anayejenga kwa maneno anaweza kuongezewa maneno.

Ijumaa aliomba ruhusa ya kusimulia, na Madamu alikuja na kigoda chake, akafurahi kuona mambo yamerudi. Bi Vifungo alichomeka sindano kifuani. "Mmo?"

"Tumo," walijibu, kwa sauti ndogo, na wengine waliitazama sakafu walipolisema.

Aliwaambia kuna jambo amelisahau siku zote, uzee huo. Katika nchi ile kila mwanamke alikuwa na ufunguo wa lango, wake mwenyewe, wa shaba, aliuvaa shingoni kwa uzi, hakuuvua hata akioga. Alilisema kwa kulipamba, akatia chumvi, akaeleza jinsi funguo zilivyolia zikigusana wanawake wakicheka pamoja. Mkasi wa Bi Mkasi ulisimama katikati ya uzi. Kitinda aliweka pasi chini. Madamu aliuliza kama ni shaba nyekundu au ya njano, akaambiwa ya njano, akashukuru.

Na Jumapili alasiri zikaja, kwenye sinia, funguo mpya za shaba ya njano, kila mmoja na uzi wake. Madamu aliwapanga uani akawavika mmojammoja kwa mikono yake. Ili wasidhani anawachezea, alichukua wa Kitinda, akatoka nje ya lango, akauingiza kwenye kitasa mbele ya macho yao, ukafunga, ukafungua. Walipiga makofi. Madamu alikuwa na machozi. Bi Vifungo hakupewa, maana hakai nchini. Ana mlango wake, alisema Madamu akicheka, na Bi Vifungo akacheka naye. Angecheka na jiwe siku hiyo. Alikuwa ameshasemezana na binti yake: gari la Madamu likiondoka, Kitinda atamchukua Kishikizo, atafungua, watakwenda kwa mama kwanza na mengine yatajulikana.

Jioni Madamu alifunga kama kawaida, kwa ufunguo wake, kwa nje. Ni lazima afunge, alieleza, hadithi inasema lango linafungwa. Akamtakia Bi Vifungo usiku mwema, akaingia garini. Jua lilikuwa halijazama bado. Bi Vifungo alibaki barabarani akijifanya anafunga ushungi wake, moyo juu, akisubiri kitasa kizunguke.

Alisikia hatua za haraka uani. Alisikia kikohozi cha mtoto. Kisha mkwaruzo, kitu cha chuma kikipapasa juu ya chuma, juu, chini, pembeni, na kurudi.

"Mama."

"Naam, mwanangu. Fungua."

"Hakuna tundu."

"Tafuta vizuri."

"Huku ndani hakuna tundu, mama. Ni bati tupu."

Bi Vifungo alitazama upande wake. Tundu lilikuwepo, jeusi, dogo, usawa wa kiuno chake. Miaka yote hiyo ametia vifungo, na hata aliyeanza kazi juzi anajua kwamba kifungo bila tundu ni pambo. Alisema ufunguo. Hakusema tundu. Alitamani kukaa chini pale barabarani.

Hakukaa. Alimwambia Kitinda auvue ufunguo, aupitishe chini ya lango. Shaba ilikwaruza saruji, ikatokea kwenye mwanya, akainama akaichukua. Ilikuwa na joto la shingo ya mwanawe. Aliiingiza kwenye kitasa na ikakaa barabara, na ndipo aliposikia nyuma yake sauti ya upole.

"Shikamoo, mama. Leo basi, sivyo?"

Fundi wa redio alikuwa ng'ambo ya barabara, mahali pake, mikono bado ameikunja. Barabara haikuwa na mtu mwingine.

Mkono wa Bi Vifungo ulisita. Asipozungusha ufunguo, Kitinda yumo, salama, na mtu huyu hawezi kumfikia, ukuta ni mrefu. Ni kwa usalama wake. Aliwaza hivyo, neno kwa neno, na mara akajiona alivyosimama, yeye nje, ufunguo mkononi mwake, na ndani mwanamke anamsikilizia. Kwa mara ya kwanza maishani alimwelewa marehemu mumewe, na alichukia kumwelewa. Na kesho gari la watoto litakuja.

Akazungusha. Lango lilisogea likalia. Kitinda alikuwa kasimama katika gauni la kijivu, Kishikizo mgongoni, na Bi Vifungo hakumvuta nje wala hakumsukuma ndani. Alimshika mkono akauweka ule ufunguo kiganjani mwake na kuvikunja vidole vyake.

"Huu ni wako," alisema. "Yule pale amekuja. Mimi sitakufungulia wala sitakufungia. Sema wewe."

Kitinda alitazama ng'ambo. Fundi wa redio alikunjua mikono, akashuka kwenye barabara, bila haraka, akitabasamu kwa adabu ileile. Kitinda aliogopa, na mama yake aliiona hofu hiyo, lakini hakurudi nyuma. Aliinua mguu akavuka kizingiti, akasimama kando ya mama yake.

Hapo nyuma yao uani kukawa na mvumo wa magauni. Wanawake walikuwa wakitoka bandani, mmoja, wengine, funguo zikigongana vifuani mwao vilevile ilivyosimuliwa, ila hakuna aliyekuwa akicheka. Mbele yao alikuwa Bi Mkasi na mkasi wake mkubwa, ule wa kazi. Walifika kwenye mstari wa lango wakasimama, kama watu waliosahau jinsi ya kupita.

Fundi wa redio alikuwa ameshafika katikati ya barabara. Bi Vifungo hakuwa na silaha wala mume wala tajiri, na kinywa chake, kwa mazoea tu na kwa hofu, kikauliza swali pekee kililokuwa kikilijua.

"Mmo?"

Hakuna aliyejibu tumo. Bi Mkasi alilitazama lango juu mpaka chini, akaukanyaga mstari, akatoka mpaka barabarani kwenye mwanga, na wale wengine wakaanza kumfuata.

"Tupo," alisema.

Fundi wa redio akasimama.